Rangi ya Posa kwenye Jengo la Gehimal

"We! We mwenye drili! Shuka hapo kabla sijakushusha mimi!"

Barabara ya Bunder mjini Karachi saa za asubuhi ina kelele za kumtoa mtu akili. Mabasi yanapiga honi, bajaji zinagombania njia, wauza nguo wanashindana kuita wateja. Hata hivyo sauti ile ilipenya. Kijana aliyekuwa juu ya ngazi alizima drili na kugeuka. Chini yake alisimama msichana mwenye shalwari ya rangi ya haradali, mtandio mweupe umemwangukia shingoni, mkono mmoja umebeba mfuko wa bamia na mwingine umemnyooshea kidole.

"Unasema na mimi, dada?"

"Kwani kuna punguani mwingine anayemtoboa tausi kifuani?"

Kijana alitazama ukuta. Kweli, ncha ya drili ilikuwa imezama kwenye kifua cha tausi wa jiwe, na vumbi la manjano lilikuwa limemwagikia viatu vyake.

"Natundika bango la duka, dada. Jiwe tu hili."

"Kwanza mimi si dada yako. Pili, ukisema tena 'jiwe tu' nitapanda huko juu nikutoboe wewe, tuone kama utasema 'nyama tu'."

Watu wawili watatu waliosimama kutazama walicheka. Kijana naye alicheka, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi msichana. Akapanda ngazi za jengo huku bamia zikimdondoka moja moja.

Kijana aliitwa Sarang Panhwar. Alikuwa ametoka Hyderabad ya Sindh wiki hiyo hiyo kuja kushika duka la rangi la mjomba wake, ambaye ugonjwa wa moyo ulikuwa umemchosha. Alikuwa mrefu, mwenye masharubu aliyoyatunza kama mtoto wa pekee, na hakuwahi kugombezwa na mwanamke mbele za watu isipokuwa mama yake. Msichana alikuwa Hajra Dhedhi wa ghorofa ya tatu, aliyezaliwa humo humo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza majengo ya kale. Jioni aliposhuka alikuta bango halijatundikwa. Lilikuwa limesimamishwa kwenye vyuma viwili kando ya mlango, na tundu la tausi limezibwa kwa karatasi.

"Karatasi ya nini?" aliuliza.

"Bandeji. Mgonjwa kaniambia anaumwa."

Hajra aliuma mdomo asicheke. Hakufaulu.

Basi yakaanza hivyo. Ikawa kila jioni wanakutana kwenye ngazi za mbao, Hajra na kikombe cha chai, Sarang na vidole vyenye madoa ya rangi, na msichana akamsimulia jengo.

"Gehimal alikuwa Mhindu wa Shikarpur, mfanyabiashara wa pamba," alisema. "Ndiyo maana ukiangalia juu ya madirisha unaona vitumba vya pamba. Jiwe lilikuja kwa mikokoteni ya ngamia kutoka machimbo ya Gizri. Wachongaji walikula na kulala hapa hapa mpaka jengo likaisha."

"Na tausi?"

"Binti yake alipenda tausi. Baba alimchongea tausi kila dirisha."

"Baba mwenyewe huyo! Mimi wangu alininunulia baiskeli mbovu."

"Sikiliza, acha mzaha. Nchi ilipogawanywa, Wahindu upande ule na Waislamu upande huu, Gehimal akapanda meli kwenda Bombay. Akaacha kila kitu, hata chungu jikoni. Babu yangu naye alikuwa anakuja upande huu kwa meli, ameacha nyumba yake Bantva, ng'ambo ya mpaka mpya. Serikali ikampa vyumba hivi. Bibi alikuta unga wa wenyewe bado umo kwenye pipa. Alilia siku nzima, hakuugusa."

Sarang alikuna masharubu. Halafu akasema, "Mimi ningeupika."

"Ndiyo maana wewe unauza rangi!"

Baada ya babu wakaja wengine. Kila ghorofa ilijaa wakimbizi, pazia likawa ndiyo ukuta kati ya familia na familia. Kukawa na kiwanda cha uchapaji, chuo cha ushonaji, ghala la ngozi lililonuka mpaka mtaa wa pili. Jengo lilibeba wote. Mwisho likaangukia mikononi mwa Haji Tayyab, aliyelinunua kwa bei ya kutupa na kutaka jambo moja tu: libomolewe, ajenge maduka ya vioo.

Wenye majengo wa mji wetu, laana iwafuate, wana ujanja wao. Sheria ikiwazuia kubomoa, huiachia mvua ibomoe. Haji alikuwa hajaleta fundi wa paa tangu alinunue. Alikata pampu ya maji. Sasa alikuwa amewasilisha ombi kwenye kamati ya majengo ya kale kwamba Jengo la Gehimal limeharibika mno, halina tena cha kulindwa, lifutwe kwenye orodha ya majengo yasiyobomolewa. Kamati ilikuwa ije ijionee mwenyewe.

"Na wewe utawaambia nini?" Sarang aliuliza.

"Nitawaonyesha uso wake tu. Majengo yote ya safu hii yamekorogwa, kila mwenye duka kajifanyia lake. Letu ndilo pekee ambalo jiwe la mbele liko vile vile alivyoliacha Gehimal. Hilo hawawezi kulikataa. Tukilipoteza hilo, Sarang, tumekwisha, mimi na Abba tutahamia sijui wapi."

"Hamtahama," alisema Sarang. "Labda uhamie kwangu."

"Mchokozi wewe!" Lakini aliinuka uso umempata moto, na usiku ule babake, Mzee Yunus, alimsikia akiimba huku akiosha vyombo.

Mwezi huo Hajra alitakiwa kwenda Lahore kwa mafunzo ya kazi. Walipigiana simu kutwa.

"Umekula, roho yangu?"

"Nimekula hasira. Mwalimu wetu anasema Karachi haina historia."

"Bado yu hai?"

"Nimekuachia wewe ummalize. Sarang, kelele gani hizo hapo? Nani anagongagonga?"

"Soko hilo, mpenzi. Umelisahau Bunder?"

"Wewe unanificha kitu."

"Nakuandalia kitu. Na usiniulize, maana ukiniuliza mara ya pili nitakwambia. Mama yangu anakuja siku utakayorudi. Umenisikia? Mama yangu."

Hajra alisikia. Alikaa na simu mkononi kitambo, anatabasamu peke yake kama mwehu.

Sasa kwetu mtu hapeleki posa kwenye nyumba chakavu. Harusi ikinukia, kabla ya yote nyumba hupakwa rangi. Hata masikini hununua chokaa. Mama Panhwar alikuwa amemwambia mwanawe waziwazi kwenye simu: "Nisije nikapanda kwenye jengo lililofubaa kama la mizimu. Watu watasema tumekosa pa kuoa." Na Sarang alikuwa na duka zima la rangi! Alitaka kumpa Hajra kitu bora kuliko vyote alivyokuwa navyo, na alichokuwa nacho bora ni rangi ya mafuta ya daraja la kwanza, isiyoogopa jua wala mvua. Kwake rangi ilikuwa kinga tu: jiwe lingebaki vile vile chini yake, na kamati ikija ingelikuta linang'aa. Alienda kuomba ruhusa kwa Haji Tayyab, akamkuta kitini anatafuna tambuu.

"Rangi?" Haji alisema, na macho yakamng'aa. "Mwanangu, rangi ni baraka! Mianzi ya jukwaa ninayo, chukua bure. Paka lote. Paka vizuri, mpaka ndani ya nakshi."

Mtu aliyewanyima wapangaji fundi wa paa miaka yote, leo anagawa mianzi bure, na kijana hakujiuliza. Alitoka pale anapiga mluzi.

Siku ya kurudi, Hajra alichukua bajaji kutoka stesheni. Dereva aliposimama, alimwambia, "Kaka, siyo hapa, umepotea."

"Si Gehimal, dada?"

Hajra aliinua macho. Jengo lilikuwa la rangi ya malai, ule utando wa maziwa, kutoka chini mpaka juu, linang'aa kama sahani mpya. Vitumba vya pamba vilikuwa vyeupe pe. Tausi walikuwa kijani, na midomo yao imepakwa nyekundu. Wenye maduka walikuwa barazani wanapiga makofi, na katikati yao alisimama Sarang, kavaa nguo mpya nyeupe, shali nyekundu ya Kisindhi begani, nywele zina matone ya kijani, mikono ameitanua.

"Karibu nyumbani, mpenzi!"

Hajra hakusogea. "Nani amefanya hivi?"

"Mimi. Na mafundi watano. Wiki nzima hatujalala vizuri."

"Nani amekupa ruhusa?"

"Haji Tayyab. Mianzi pia katoa yeye, bure kabisa. Hajra, unaumwa?"

"Amekupa nini?"

"Nimekwambia, mianzi."

"Nauliza amekulipa nini, Sarang! Duka la kona kwenye maduka yake ya vioo? Nyumba? Umeniuza kwa bei gani?"

Makofi yalikatika. Sarang alijaribu kumshika mkono, Hajra akaukwepesha. Alipanda ngazi mbio mpaka ghorofa ya tatu, na huko akamkuta Mama Panhwar kakaa kwenye kochi, hariri ya zambarau imemjaa mwilini, sanduku la ladu, vitamu vya posa, mapajani, na Mzee Yunus anamimina chai kwa furaha.

"Salaam alaikum, mama," Hajra alisema, akihema. "Nisamehe. Rudi na ladu zako. Mimi siolewi na mtu aliyeiuza nyumba yangu kwa mianzi."

"Hajra!" Mzee Yunus aliweka birika chini. "Keti."

"Siketi, Abba! Kamati inakuja Jumatatu. Wataona nini? Wataona kopo la rangi! Jiwe lile linapumua. Hewa ya bahari inaingia na chumvi yake, inatoka. Ukilifunika kwa mafuta, chumvi inabaki ndani na kulipasua. Amelivika sanda, halafu amelipaka rangi ya mdomo!"

Mama Panhwar alisimama, na alikuwa mwanamke wa kusimama akaonekana. "Msichana, sikiliza. Mwanangu kakupakia jengo zima kwa mali ya duka lake. Mimi posa yangu ililetwa nyumba imepakwa ukuta mmoja tu, nikajiona malkia. Na wewe unamwita mwizi mbele yangu? Basi kaa na jiwe lako. Ukizeeka, likukandie miguu!"

Aliondoka na ladu zake. Kwenye ngazi alipishana na mwanawe, aliyekuwa amesikia yote, akamwambia neno moja tu: "Twende." Sarang hakwenda. Lakini mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa umeshafungwa, na simu aliyopiga iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Mara ya tatu aliikuta imezimwa.

Kesho yake asubuhi aliingia ofisini kwa Haji Tayyab bila kubisha.

"Ulijua kamati inakuja."

"Nilijua."

"Ulijua rangi itaua jiwe."

Haji alitema tambuu. "Mwanangu, mbona unanifokea? Wewe umeomba, mimi nimekubali. Brashi alishika nani?"

Neno hilo lilimuunguza Sarang, kwa sababu lilikuwa kweli. Angempiga ngumi angalau angelala vizuri, lakini Haji alikuwa mzee na ngumi isingetoa rangi. Alirudi Bunder, akasimama katikati ya barabara mbele ya jengo, mabasi yanampigia honi, akaita kwa sauti yake yote:

"Hajra! Toka nje!"

Dirisha lilifunguka. "Ondoka, utagongwa!"

"Nigongwe! Kwanza unijibu! Ulinieleza habari za Gehimal, za binti yake, za unga wa kwenye pipa. Jioni ngapi tumekaa kwenye zile ngazi? Kwa nini hata siku moja hukuniambia rangi inaua jiwe? Mimi ni muuza rangi, Hajra! Mtu wa kwanza wa kuambiwa ni mimi!"

Barabara ya Bunder, ambayo haijawahi kunyamaza, ilikaribia kunyamaza. Hajra alishika ukingo wa dirisha, na ulikuwa bado unanata.

"Ningekwambiaje?" alipiga kelele. "Unalipenda duka lako kama nini! Nikwambie kila kopo unalouza mtaa huu linabomoa ukuta wa mtu? Niliogopa kukuumiza!"

"Bora ungeniumiza!"

"Na wewe ungeniuliza! Siku zote hizo kwenye simu, soko, soko! Ungeuliza swali moja!"

"Nilitaka ufurahi!"

"Sijafurahi!"

"Nimeona!" Sarang alionyesha viganja vitupu. "Haji hajanipa hata paisa. Nimetumika bure, kama punda. Sasa niambie inatokaje. Basi. Nitukane ukimaliza."

Dereva wa basi alitoa kichwa nje. "Dada, mwambie basi, tuna safari!"

Hajra alishuka. Hakumtazama usoni. Alisema kwa haraka, kama anayemtuma mtu sokoni asiyemwamini. Brashi ya waya, marufuku. Msasa, marufuku. Tindikali, akiiona karibu na ukuta atamnywesha. Apake dawa ya kulainisha rangi, juu yake akandike udongo wa Multan ulioloweshwa mzito, afunike kwa nailoni, asubiri udongo uivute rangi, kisha abandue taratibu na kuosha kwa maji. Halafu arudie tena, na tena.

"Udongo wa Multan?" Sarang aliuliza. "Huu wanaopaka bibi harusi usoni?"

"Huo huo."

Alinunua magunia. Wauza urembo wa Bolton Market walimuuliza ana mabibi harusi wangapi. Alifunga duka, akakunja suruali, akaanza na kipande cha ukuta kando ya mlango. Hajra alisimama chini na mikono kiunoni. "Polepole! Unabandua jiwe, siyo chapati! Nimesema polepole, Sarang!" Kwa siku zote hizo hakumwambia neno jingine zaidi ya hayo.

Jumatatu kamati ilifika. Mwenyekiti wake alikuwa mama mzee mwenye fimbo na sari ya kijivu. Haji Tayyab aliwatangulia kwa koti jeupe, sauti tamu kama sharubati.

"Mnaona wenyewe, waheshimiwa. La kale liko wapi? Limekwisha."

Mama mzee alitazama malai na kijani na midomo myekundu, akakunja uso kama aliyenusa kitu kibovu. Kisha akaona kile kipande kando ya mlango, kikubwa cha kutosha mtu kujiegemeza, kimelowa, cha manjano. Akakigusa kwa kiganja.

"Nani alipaka?"

"Mimi, mama," alisema Sarang. Alikuwa na udongo mpaka kwenye masharubu. "Kwa rangi yangu na ujinga wangu. Mianzi alinipa huyu mwenye jengo, bure, akaniambia nipake mpaka ndani ya nakshi. Alijua mnakuja. Alijua pia rangi inaua jiwe. Mimi hilo sikulijua."

"Mwongo mkubwa!" Haji alifoka.

"Mianzi ile pale ina alama yako," alisema Hajra. "Au imetembea yenyewe?"

Mama mzee hakumtazama Haji. "Hii rangi inatoka yote, binti?"

Hajra alikitazama kipande kile. Uongo ungekuwa rahisi. "Hapana, mama. Pengine jiwe limeshaimeza, litabaki na kovu. Lakini nyingi inatoka. Ikitolewa mapema."

"Na nani ataitoa?"

"Aliyepaka," alisema Sarang.

Walijadiliana barazani, chai ikaletwa, Haji akatoa jasho ndani ya koti lake. Mwisho mama mzee alisema jengo litabaki kwenye orodha kwa sasa. Wangerudi baada ya mvua za mwakani. Wakiukuta uso ule uko safi, Haji asilete ombi tena. Wakiukuta hivi, apewe ruhusa yake abomoe.

Alasiri hiyo hiyo Haji alituma watu wafungue mianzi yake. Ndivyo alivyo. Sarang aliuza pikipiki, akakodi mianzi mingine, akapanda tena.

Wiki zilipita. Mama Panhwar alipiga simu kila Ijumaa kuuliza kama mwanawe amemaliza kuosha ukuta wa watu, na kila Ijumaa alikata simu kwa hasira. Ghorofa ya kwanza ilikuwa haijafika nusu. Jioni moja, jua bado kali, Sarang aliacha kazi ya chini, akapanda mianzi mpaka ghorofa ya tatu. Alikaa juu ya ubao nje ya dirisha la Hajra, akatoa simu. Ndani simu ya Hajra ikaita.

"Unanipigia wakati uko nje ya dirisha langu?"

"Nikikuona uso kwa uso unanigombeza. Kwa simu labda utanisikiliza."

"Haya, sema."

"Nioe."

"Mwanaume ndiye anayeoa, mjinga wewe."

"Basi nikuoe. Tafadhali."

Hajra alisogea dirishani. Kupitia mbao za dirisha aliuona mkono wa Sarang, umepasuka kwa dawa, kucha zimeingia udongo. Alitaka kulia, na hilo likampandisha hasira upya.

"Bado nina hasira na wewe, Sarang. Nikiamka asubuhi nakuta hasira imeshaamka."

"Najua. Itaisha lini?"

"Uso huu ukiwa safi wote. Siku hiyo mlete mama yako na ladu zake, nitambusu miguu. Kabla ya hapo usinitajie."

Sarang aliangalia juu, akaangalia chini, malai tupu pande zote. "Hajra, ghorofa nne. Kwa mikono hii miwili. Mvua ya mwakani itanikuta hapa hapa. Tutakosa jengo, na mimi nitakukosa wewe."

Simu ilikatika. Aliitazama, akaiweka mfukoni, akachukua ndoo yake ashuke.

Dirisha likafunguliwa kwa kishindo. Hajra alikuwa ameufunga mtandio kiunoni kwa mafundo mawili na kukunja mikono ya kamizi. Akapitisha mguu mmoja juu ya ukingo, akashika mwanzi, akapitisha wa pili.

"Hajra!" Mzee Yunus alipiga kelele kutoka ndani, kikombe mkononi. "Unakwenda wapi huko nje?"

"Kuharakisha harusi yangu, Abba!" Akamgeukia Sarang. "Lete huo udongo. Na sogea, umenikalia ukuta."